Kikundi cha Ukoo: Majibu ya Mama

Rehema: Shikamooni wakubwa. Majibu ya kinyama alichokatwa mama kwenye ngozi yametoka. Ni ugonjwa wa Sweet, umepewa jina la daktari wa Uingereza aliyeueleza mwaka 1964. Nadra sana, wanasema.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Unaambukiza? Maana dada tumemshika mikono wote.

Rehema: Hauambukizi mjomba. Yale mabaka hayana kijidudu. Ni chembechembe nyeupe za damu yake mwenyewe zimejazana kwenye ngozi. Ndiyo maana antibayotiki zote zile hazikufua dafu.

Mama Zuhura: Na ile homa je? Macho mekundu?

Neema nesi: Homa ni ya ugonjwa huohuo, mama mdogo. Mabaka huvimba na kuuma ukiyagusa, hasa usoni, shingoni na mikononi. Tatizo hauishii kwenye ngozi kila mara. Unaweza kuingia machoni, kwenye viungo, mapafu, ini, figo, na mara chache ubongo. Rehema, kifua kimepigwa eksirei?

Rehema: Ndiyo, mapafu safi. Ini na figo pia wamepima, yako sawa. Kipimo cha damu nzima ndiyo bado.

Mjomba Hamisi: Damu ya nini tena?

Neema nesi: Kuna wagonjwa ambao nyuma yake kuna saratani ya damu. Si wote, kwa hiyo tusianze kulia. Wengine huanza baada ya mafua tu, wengine ni dawa fulani au ugonjwa wa utumbo, na wapo ambao sababu haionekani kabisa. Ila damu lazima iangaliwe.

Mama Zuhura: Ya Rabi. Dawa ipo lakini?

Rehema: Kaanzishiwa prednisoloni juzi. Homa imeshuka, na leo kanigombeza kwa kuchelewa. Nikajua huyu anapona 😂

Mama Zuhura: Alhamdulillahi 🙏🏾

Neema nesi: Asije akaiacha ghafla akijisikia nafuu, hupunguzwa kidogo kidogo. Sukari na presha zifuatiliwe, dawa hiyo huzipandisha. Na vipele visikamuliwe wala kutobolewa! Ngozi yake ikijeruhiwa, hata na sindano, baka jipya linaweza kutokea hapohapo.

Mjomba Hamisi: Kuna mtu humu alishauri vitobolewe. Simtaji.

Mama Zuhura: Hamisi! Mimi nilisema vikandwe!

Rehema: Mama kasoma, anasema uje mikono mitupu 😂 Majibu ya damu kesho saa nne, nitayaweka hapa.