Mrejesho: geji ya mafuta ya Hiace ya kulala
Asanteni sana ndugu zangu, mimi ndo yule wa Hiace ya zamani tuliyoigeuza gari ya kulala, mshale wa mafuta umeganda kwenye E hata tangi likijaa. Nimefuata ya yule aliyesema chomoa waya wa senda (kile kifaa cha ndani ya tangi kinachoipa geji kiwango cha mafuta) pale kwenye tangi uguse bodi ya gari, switchi imewashwa, na mshale ukapanda mpaka F, so geji ni nzima kabisa hakuna haja ya kununua nyingine. Tukashusha tangi hapa Jinja, waya wa erthi umeliwa na kutu, tukasugua tukafunga mpya, sasa inasoma. Ila chini ya robo mshale bado unarukaruka, fundi anasema ukanda wa ndani ya senda umelika, hiyo senda naitafuta Kisekka, soko la spea kule Kampala.