MREJESHO: Duara la vipande 8 limekubali

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Ni mimi niliyeuliza wiki iliyopita jinsi ya kugawa duara vipande 8 kwenye Inkscape (programu ya kuchora kwa kompyuta), kwa ajili ya bango la juisi la mteja wangu hapa Mwanjelwa (alitaka chungwa lililokatwa).

Kosa langu: nilikuwa nakata njia (Cut Path, inayokata mstari wa ukingo) badala ya kugawa umbo (Division). Rangi ikapotea, zikabaki nyuzi tupu, kila uzi peke yake. Nikailaumu kompyuta bure.

Sasa nilivyofanya: nimechora duara huku nimeshika Ctrl lisije likawa yai, kisha mstari mmoja kupita katikati. Nikaunakili na kuuzungusha digrii 45, 90 na 135. Mistari 4 tu, jamani, si 8! Hapo ndipo nilipokuwa nakwama. Nikaiunganisha iwe kitu kimoja kwa Ctrl+K, nikahakikisha iko juu ya duara, nikachagua vyote, nikabonyeza Ctrl+/ (ndiyo Division). Vipande 8 hivi hapa, kila kimoja kinapokea rangi yake.

Aliyenijibu kwamba nichore kipande kimoja tu cha duara, cha digrii 0 hadi 45, kisha nizungushe nakala zake, njia hiyo nayo inafanya kazi, ila kuweka kitovu cha mzunguko kulinitoa jasho na baridi hii ya Mbeya.

Stika za bango zimeshakatwa. Mteja sasa anataka na mbegu.