Naomba ushauri: naisimulia Masala Kulangwa kwa mdomo wa yule bibi aliyekatwa sikio

Binti wa Igoma
Mwangaluka wakuu. Naombeni msaada wenu, hasa mnaozijua hadithi za Usukuma na nyie mnaoandika andika.

Huwa nawakusanya watoto wa mtaani kwetu Igoma jioni nawapigia stori, na sasa nataka kuwapa Masala Kulangwa. Kwa asiyeijua, zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote wa dunia na mifugo yao, akapona mama mmoja tu mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba, ndo akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua akauliza mama mbona tuko peke yetu, wengine wako wapi, akaambiwa. Basi akaanza kulisaka, leo anarudi na panzi huku anaimba mama mama nimeliua, mama anamwambia mwanangu huyo ni panzi tu tumchome tule, siku nyingine ndege, siku nyingine swala, mpaka akakutana nalo lenyewe akaliua akalipasua mgongo, baba yake akatoka na watu wote wakatoka, wakamfanya mtemi.

Sasa kuna kipande wasimulizi wengi wanakipita mbio. Wakati anapasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Bibi akakasirika, akamtukana, akajaribu kumloga, ila hakumpata maana kijana alikuwa na marafiki wengi wanamlinda. Wengine wanamalizia kwamba kijana alitafuta dawa akamponya.

Mi nataka bibi ndo asimulie, kuanzia gizani tumboni. Kinachonikwamisha ni hapo kwenye kuloga. Nilipowajaribishia watoto wachache, nilipofika hapo wote walipiga kelele "mchawiii" na wakafurahi kweli, na mimi moyo ukaniuma kwa sababu sote tunajua huku kwetu Mwanza na Shinyanga vikongwe wameuawa kwa mapanga kisa macho mekundu, na macho yenyewe mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia miaka nenda rudi. Nikikitoa hicho kipande mjomba wangu anasema naharibu hadithi ya wazee. Nikikiacha naona kama nawafundisha watoto yale yale. Nifanyeje? Mwanzo wangu uko hivi:

*"Humo ndani hakukuwa na asubuhi. Tulijuana kwa sauti. Ng'ombe walikuwa wanalia maziwa yamewajaa na hakuna wa kuwakamua. Mimi nilikuwa nimelala pembeni, mara nikaona mwanga, na sikio likaondoka."*

Nyanda wa Kisesa
Dada mjomba wako mheshimu ila usimwogope. Umeandika mwenyewe kwamba hadithi ina miisho miwili, wa bibi kuloga asifanikiwe na wa kijana kumponya, na yote miwili imetoka kwa wazee. Maana yake hata wao kila mtu alikuwa anamalizia kutokana na anaowasimulia. Huku kwetu makatekista wanamfananisha Masala Kulangwa na Yesu, mkombozi aliyewatoa watu kwenye kifo, na hakuna mzee aliyesema wameharibu. Sasa bibi akipewa zamu yake ya kusema ndo iwe nongwa?

Ila usikitoe kipande cha kuloga. Ukikitoa, mtoto atakisikia kwingine na atajua ulimficha.

Mla Sato
Watoto wanataka zimwi. Anza tumboni na ukae humo humo, giza, harufu, watu wanakanyagana. Hayo ya haki za wazee watayapata wakikua.

Fundi Herufi
Nashauri mambo mawili matatu maana hii kazi naipenda.

Bibi alikuwa tumboni. Kwa hiyo panzi hakumwona, ndege hakumwona, wimbo wa kijana na mama yake hakuusikia, hata pumba hazijui. Ukimruhusu asimulie hayo utakuwa umerudi kwa msimulizi wa siku zote umemvika kanga tu. Yeye anajua giza, anajua walioko pembeni yake, anajua kisu. Mambo ya nje akayapate baadaye kwa watu, tena kila mtu anamwambia lake.

La pili ndo kubwa. Jiulize kwa nini sikio. Kwa nini sio mkono, sio bega? Wewe umeandika alikuwa amelala pembeni, hapo umeitupa bahati. Mtu anakatwa sikio na kisu kinachotoka nje kwa sababu sikio lilikuwa limebandikwa ukutani. Alikuwa anasikiliza. Wengine wote walishakata tamaa, yeye peke yake alisikia kitu kinakwaruza kwenye ngozi ya zimwi akasogea kusikia vizuri. Aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba ukombozi unakuja ndo aliyeumia. Hapo hata mtoto wa darasa la pili hatasema mchawi, atasema mamaa masikini.

Binti wa Igoma
Fundi umenisisimua mwili. Hilo la kusikiliza nalichukua lote kama lilivyo, wabeja sana.

Mpwani wa Pangani
Na sisi pwani tunayo ndugu yake, Nunda mla watu. Paka wa sultani anayeachwa mpaka anakula watu, na mtoto wa mwisho wa sultani anaenda kumwinda, kila akiua mnyama anarudi anaimba na mama anamwambia mwanangu siye huyo. Ni ile ile ya panzi na ndege. Ila kwetu simkumbuki bibi wa sikio, kwa hiyo huyo mshikilieni ni mali yenu, hadithi ina shujaa na bado inakumbuka aliyeumizwa na shujaa, sio hadithi nyingi zina ujasiri huo.

Kijana wa Nyakato
Samahani mimi napinga. Masala Kulangwa ndo shujaa pekee Msukuma anaweza kumwambia mtoto wake uwe kama huyu. Katoa dunia nzima kwenye tumbo, baba yake mwenyewe alikuwa humo, afu mnaanzisha uzi kumlilia sikio? Angejuaje kuna bibi nyuma ya ngozi? Mkimaliza na huyo mtaenda kumhurumia Shing'weng'we.

Mtoto wa Kirumba
Kijana wa Nyakato tulia kaka. Basotho kule kusini wanayo hii hii, zimwi lao linaitwa Kholumolumo na kijana anaitwa Senkatana. Naye anazaliwa na mama aliyebaki peke yake, naye analipasua zimwi, na watu humo ndani wanapiga kelele angalia usitukate. Afu mwisho wake ni mbaya, watu wale wale aliowatoa wanamchukia, wanamfanyia hila mpaka wanamuua. Sasa linganisha. Wao lawama imeachwa ikakua mpaka damu, kwetu mwenye lawama ni bibi mmoja, na wasimulizi wengine wakaona bora kijana aende kumtibu yaishe. Mimi naona huo mwisho wa kumponya ndo unamkamilisha kuwa mtemi, sio kuua zimwi, maana zimwi hata mwindaji mzuri angeliua. Kwa hiyo hata wewe unayempenda shujaa unamhitaji bibi.

Mama Kulwa
Wanangu mimi nimesoma yote nikaona kuna kitu hamjakigusa. Mnabishana alogwe asilogwe, lakini msimulizi si ni bibi mwenyewe? Yeye ndo anajua alifanya nini. Sisi tunaosema alijaribu kumloga tulimwona wapi?

Mimi nimekulia Kwimba. Bibi yangu alikuwa anachimba mizizi. Mtoto akiumwa tumbo anaenda porini jioni jua likishapoa na kijembe chake kifupi na kitambaa cha kufungia, anachimba, anarudi, anachemsha. Waliotibiwa walimwita bibi. Wasiomjua wakimwona ameinama kichakani saa hizo walibadilisha njia. Ni mwanamke yule yule na mzizi ule ule.

Sasa huyo wa kwenye hadithi ana kidonda sikioni, watu wote wako kwenye ngoma wanamshangilia kijana, nani amtibu? Si ataenda kuchimba dawa yake mwenyewe. Na ana hasira, anaongea peke yake huku anachimba, anamtaja kijana kwa jina, na matusi yamo, kwani we ungekatwa sikio ungesema asante? Walinzi wa kijana wanamkuta hapo. Anachimba mizizi, anataja jina la mtemi. Wakarudi mbio wakasema bibi anamloga. Kipande cha mjomba wako kimebaki pale pale, hakijatoka hata neno, na watoto watajua kilichotokea.

Nyanda wa Kisesa
Mayu wane. Mama Kulwa umemaliza.

Kijana wa Nyakato
Hapo kwa Mama Kulwa nimekubali, maana hata shujaa wangu hajaguswa, waliokosea ni walinzi. Ila matusi yasiwe makali ni watoto.

Binti wa Igoma
Mama Kulwa sijui nikushukuru vipi. Nimekaa jana usiku nimeandika upya, naomba mnisahihishe bila huruma:

*"Wa kwanza kumsikia ni mimi. Kitu kilikwaruza nje, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Nikawaambia wenzangu kuna mtu, wakaniambia bibi lala. Nikabandika sikio kwenye ule mgongo mnene nisikie kama anahema. Nikasikia anahema. Nikafungua mdomo niseme tuko humu, na kisu kikapita.*

*Mwanga uliingia pamoja na damu yangu. Watu wakanirukia, ng'ombe wakanipita, kila mtu anaita jina la mtu wake. Mimi niliita pia, ila sikumsikia aliyenijibu alikuwa upande gani.*

*Jioni ngoma ikalia. Nikachukua kijembe nikaenda kutafuta mzizi wa kukausha kidonda. Nikachimba nikimtaja huyo Masala Kulangwa, nikimuuliza ana haraka gani mtu asiyegonga hodi. Vijana wake wakatokea nyuma yangu na mikuki. Mmoja akasema, unamfanya nini mtemi?"*

Hapo nimekwama. Mtemi aje vipi? Nikimleta na msafara wake wote naona kama bibi atalazimishwa kusamehe mbele za watu.

Fundi Herufi
Hiyo ya hodi iache usiiguse kabisa. "Sikumsikia aliyenijibu alikuwa upande gani" nayo nzuri, aliyepoteza sikio moja kweli anapata shida kujua sauti inatokea wapi. Mtemi aje peke yake, walinzi wabaki mbali. Hadithi yote kijana analindwa na marafiki, hapa ndo aje bila ulinzi kwa mtu anayeambiwa anataka kumuua.

Mama Kulwa
Na asianze na pole. Aje amuulize bibi mzizi gani unatafuta, apokee kijembe achimbe yeye, bibi akae chini amwelekeze. Hapo dawa ameitafuta kijana kweli kama wazee wanavyosema, ila anayeijua ni bibi. Pole aiseme akiwa anachimba, bila kuinua macho.

Mla Sato
Nimebadili msimamo, waache watoto wasikie yote. Ila tumboni ongeza mistari kidogo, weka na mbuzi.

Binti wa Igoma
Mbuzi nawaongeza leo leo. Mama Kulwa, bibi yako alikuwa anatumia mzizi wa mti gani kwa vidonda? Nataka kijana autaje kwa jina la Kisukuma.

Mama Kulwa
Jina usiweke ng'wanawane, watoto wataenda kuuchimba wajaribishe. Sema tu mzizi mwekundu, na kijana akiuchimba kwanza akosee, atoe mwingine, bibi amwambie siyo huo.