Naomba ushauri: mdogo wangu anadhalilishwa na app ya mikopo isiyo na leseni

Wakuu habari zenu, mdogo wangu aliomba laki 1 kwenye app, ikaingia 75,000 eti makato, na ndani ya wiki arudishe 130,000. Amechelewa siku mbili tu wanawatumia watu wote kwenye simu yake meseji kuwa ni tapeli, hadi bosi wake na mama mkwe, inauma sana jamani. Nimecheki app yenyewe imo kwenye zile app 69 ambazo BoT (Benki Kuu ya Tanzania) walitangaza Novemba 2024 kuwa hazina leseni. Sasa alipe yote au kile alichopokea? Na tukaripoti polisi, BoT au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Mi naona kutangaza majina haitoshi, wanabadili jina wanarudi, wanaoziendesha wapelekwe mahakamani kabisa. Aliyewahi kushughulikia hili anisaidie.