Tupeane uzoefu: ile miezi kabla ya kuripoti chuo, ulisoma nini?

Mwana wa Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita mwezi wa 5, chuo mpaka Oktoba huko. Anashinda Mwanjelwa dukani kwa mjomba, simu mkononi. Jana namuuliza anasoma nini, ananiambia, "Kaka, si nimeshamaliza?" Nikakumbuka nilivyoingia mwaka wa kwanza Iringa sijawahi kumaliza kitabu kizima. Hata riwaya za mtihani nilisoma uchambuzi tu. Nyie mlijiandaaje?

Kitonga Chini: Mwache apumzike. Chuo madesa yapo, zile notsi za kunakili.

Binti Mafinga: Usimpoteze mtoto wa watu. Wiki ya tatu tulipewa makala ya kurasa 28, Kiingereza kitupu, semina Alhamisi. Nikakaa nayo na kamusi yangu isiyo na jalada, naandika maana kwa penseli juu ya kila neno. Jumatano usiku niko ukurasa wa 6, karatasi imejaa penseli mpaka maandishi yenyewe hayaonekani. Zamu yangu ikafika, nikaanza kuisoma kama ilivyo. Mhadhiri akaichukua, akaiweka mezani: "Sasa tueleze wewe." Darasa zima kimya. Sikupata hata sentensi moja. Maneno niliyajua, hoja sikuijua! Sekondari hakuna aliyewahi kunipa kitu kirefu nikasome peke yangu, nirudi niseme kinasema nini. Usiku ule sikula.

Ngosi: Dada, yangu ilikuwa hivyohivyo.

Mdau wa Itende: Mnaisahau JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mafunzo ya waliomaliza kidato cha sita. Akiitwa mujibu wa sheria, kitabu atasomea kwenye mchakamchaka?

Binti Mafinga: Wanarudi, kaka, na muda unabaki.

Mwakaleli Juu: Marekani vyuo vingi huchagua kitabu kimoja, wanaoingia wote wakisome likizo, wakifika wakijadili. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilipelekwa mahakamani kwa sababu kitabu chenyewe kilihusu Kurani. Mahakama ilikataa kuzuia, wakajadili.

Kitonga Chini: Hapa Mbeya, mkuu. Kwanza ajue kompyuta.

Isyonje: Mimi baba yangu hakujua kusoma. Aliposikia nimechaguliwa chuo akauza viazi, lumbesa tatu, yale magunia ya kujaza kupita kiasi, akashuka mjini akamwambia muuza vitabu, "Nipe cha chuo kikuu." Akarudi na libuku la sheria ya mikataba, kalifunga kwenye kanga ya mama lisilowe. Mimi nilikuwa naenda kusomea ualimu wa historia. Sikuweza kumwambia. Nililisoma lote, jioni, pembeni ya moto, yeye anachochea kuni ananiangalia. Mpaka leo kurasa zinanuka moshi. Wakili sikuwa, lakini nilipofika chuo kurasa 28 hazikunitisha.

Ngosi: Duh. Mzee yupo?

Mdau wa Itende: Lumbesa tatu kwa kitabu kimoja! Hizo lumbesa ndizo zinatuua wakulima. Gunia lina kilemba, bei ya gunia moja.

Kitonga Chini: Mkulima mwenyewe ndiye anajaza.

Mdau wa Itende: Anajaza kwa kupenda? Asipojaza tajiri anapita shamba la jirani.

Binti Mafinga: Jamani, fungueni uzi wenu. Isyonje, mzee yupo?

Isyonje: Yupo. Hajui mpaka leo.

Binti Mafinga: Usimwambie.

Ngosi: Mwambie, atafurahi ulilimaliza.

Mwana wa Uyole: Dogo kasoma hii ya Isyonje mara mbili. Kauliza maktaba ya mkoa inafunguliwa saa ngapi.