Priyanka wa Made in Heaven: mngekuwa nyinyi mngeondoka?

Mshoni_wa_Ngamiani:
Jamani, habari zenu. Nimemaliza msimu wa kwanza wa Made in Heaven, ile tamthilia ya Zoya Akhtar na Reema Kagti ya mwaka 2019, ya Tara na Karan wanaoandaa harusi za matajiri Delhi. Naiangalia usiku nikishafunga cherehani. Kuna harusi moja haijanitoka moyoni. Wakwe wa Priyanka wanamdai baba yake fedha kisirisiri. Bibi harusi anakuja kujua, tena anajua kwamba bwana harusi mwenyewe ana habari. Anaondoka siku ileile ya ndoa, wageni wamekaa.

Mama alikuwa kando yangu anamenya vitunguu. Akasema, "Angevumilia. Kamtia baba yake aibu." Tumebishana mpaka mchuzi ukaungua.

Mwenzenu nina posa. Mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama vimepangwa sebuleni na wajomba, mimi nikasikilizia jikoni. Nikatuma mtu aulize kama nitaendelea kushona, jibu likaja: "Hayo atazungumza na mumewe." Mchumba alikuwepo, akanyamaza. Huo ukimya wake naufananisha na wa yule bwana harusi. Au namwonea?

Niliyesoma_Pune:
Nimekaa India miaka mitatu. Kwanza, ile yao si mahari kama yetu. Kwetu anayetoa ni mwanamume. Kule upande wa mke ndio unaotoa, na vinakwenda kwa mume na wazazi wake. Wanaita dahej. Sheria ya 1961 inakataza kutoa na kupokea, ndiyo maana watu huiita zawadi: gari, dhahabu, friji.

Mama asema angevumilia, lakini avumilie nini? Madai hayakomi siku ya harusi. Mwaka 2023 peke yake polisi wa India waliandikisha vifo zaidi ya 6,000 vya wanawake kwa sababu ya dahej. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 wakaongeza kifungu cha sheria: mke akifa kifo kisicho cha kawaida ndani ya miaka 7 ya ndoa, na ikaonekana alikuwa akiteswa kwa ajili ya dahej, mume au jamaa waliomtesa wanahesabiwa kuwa ndio waliomuua. Priyanka aliokoa maisha yake.

Shangazi_Pangani:
Mwanangu, wewe umeuliza ya Priyanka, mimi nakujibu kwa Tara. Yule hakuzaliwa na mali. Akaolewa na Adil, nyumba kubwa, magari, kila mtu akaona kafika. Adil alipokwenda kwa Faiza, rafiki yake Tara mwenyewe, hebu tazama kilichobaki mkononi mwake: kazi yake. Mimi niliachika na watoto wawili na cherehani ya miguu. Ile cherehani ndiyo iliyowasomesha.

Halafu, mahari ni haki yako wewe, si ya mjomba. Kiasi unataja wewe. Kilemba na mkaja ni vya wazazi, hivyo waache wapange. Ila la kushona lisingoje akdi. Muulize kijana mwenyewe, umsikie kwa sauti yake. Usimhukumu kwa kunyamaza mbele ya wazee, wengi wamelelewa hivyo. Mhukumu kwa atakachosema ukishamuuliza.

Mshoni_wa_Ngamiani:
Shikamoo shangazi. Ahsante sana, na wewe wa Pune pia, mama nimemsomea maneno yako, kile cha miaka 7 kaniomba nirudie.

Nimempigia mchumba. Anasema hana tatizo na kazi yangu, alinyamaza kwa kuwastahi wajomba. Nimemwambia basi aje Jumamosi ayaseme hayohayo mbele yao, na mimi nikae sebuleni. Akasita kidogo, kisha akasema atakuja. Kiasi cha mahari nitakitaja siku hiyohiyo.

Harusi ni Desemba. Leo asubuhi nimepokea oda ya sare za shule, jozi 40, za kukabidhi Januari.