Mrejesho: Runinga ya sebuleni na ya gemu

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kama ninunue OLED au LED yenye taa ndogondogo nyuma ya kioo, kwa sebule yenye madirisha makubwa ambamo wazee hutazama habari mchana na vijana hucheza PlayStation 5 usiku. Nimechukua hiyo ya pili, ya inchi 55. Weusi wa OLED, ambayo kila pikseli (nukta ndogo ya picha) hujiwasha na kujizima yenyewe, hauna mpinzani gizani. Hata hivyo, mwanga wa mchana, pamoja na nembo za vituo vya habari zinazokaa pembeni mwa skrini kwa saa nyingi na ambazo huweza kuacha alama ya kudumu, ndivyo vilivyoniamulia.

Aliyenishauri nikague matundu ya HDMI (ya kuchomekea waya wa picha na sauti) kabla ya kulipa alinisaidia kuliko wote. Ili gemu ionekane kwa 4K (picha yenye nukta nyingi sana) katika Hz 120, yaani picha 120 kwa sekunde, tundu linapaswa kuwa na uwezo wa HDMI 2.1, kwa kuwa HDMI 2.0 huishia Hz 60 kwa ubora huo. Na katika runinga niliyoipenda mwanzoni, ni matundu mawili tu kati ya manne yaliyokuwa na uwezo huo, moja likiwa lile lile la eARC, la kutolea sauti, linalohitajiwa na spika ya nje. Niliyonunua inao katika yote manne.

Mpangilio wa gemu umepunguza ucheleweshaji kati ya kubonyeza padi na kuona tendo kwenye skrini, ingawa rangi zilielekea mno kwenye bluu hadi nilipozirekebisha. Sauti ni hafifu, kama ya runinga nyingi nyembamba, spika itafuata.